Sura ya Sita: Siku ya Tano

Mama mwenye nyumba niliyopanga katika kaunti ya Roscommon, katikati ya Ireland, alikuwa na barometa ya shaba ukutani karibu na mlango wa mbele. Kila asubuhi, kabla hajateleka birika, aliigonga mara mbili kwa ukucha, akatazama mshale umeelekea wapi, ndipo akaamua kama nguo zitaanikwa nje au ndani. Katikati ya Julai 2021 mshale ule ulipanda, ukapanda tena, kisha ukatulia huko huko juu. Mama yule hakusema kitu. Aligonga Jumamosi, akagonga Jumapili, akagonga Jumatatu. Jumanne akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba mvua ingemsikia, kwamba huenda mwaka huu tumepata kiangazi cha kweli.

Mimi nimezaliwa Tanga. Jumapili ile nilikuwa nimempigia simu shangazi yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vipi huko, baridi bado?"

"Leo joto, shangazi. Nyuzi ishirini na nane."

"Ishirini na nane! Mwanangu, hiyo huku ndiyo hali ya hewa ya kufanyia harusi."

Tulicheka wote wawili, na kwa namba alizozijua yeye alikuwa na haki. Dar es Salaam mwezi wa Februari nyuzi 25 ni za alfajiri, wakati watu wamelala madirisha wazi na feni inazunguka. Mtu wa pwani akisikia kwamba nchi nzima imetangaziwa tahadhari kwa sababu ya nyuzi 28 au 30, lazima ajiulize kama watu hao wameumbwa kwa siagi. Nami nilijiuliza hivyo hivyo mpaka Jumatano ya wiki ile, tarehe 21. Ilikuwa siku ya tano.

Idara ya hali ya hewa ya Ireland, Met Éireann, haiiti hali yoyote wimbi la joto mpaka kituo kimoja kipime zaidi ya nyuzi 25, kivulini, kwa siku tano mfululizo. Siku nne hazitoshi. Ikiwa siku ya nne wingu limejitandaza adhuhuri na kipimo kikaishia nyuzi 24.8, hesabu inaanza upya, hata kama kila mtu mtaani amekwisha ungua mabega. Na kisiwa hicho kimoja kina kanuni mbili. Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, huhesabu siku tatu, si tano, kwa kiwango hicho hicho cha nyuzi 25. Mji wa Lifford uko upande wa Jamhuri, na Strabane uko ng'ambo ya daraja, upande wa Kaskazini. Watu wa pande zote mbili wanapigwa na jua moja, lakini Strabane inaweza kuwa ndani ya wimbi la joto kwa siku mbili nzima huku Lifford bado inahesabu.

Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza niliiona ya kimakarani tu. Nimebadili mawazo. Siku tano zina maana yake, na maana hiyo iko kwenye udongo, kwenye kuta na kwenye miili ya watu.

Kwanza tuone kwa nini nyuzi 25 ni jambo la nadra huko. Ireland iko kati ya latitudo 51 na 55 kaskazini, mbali na Ikweta kuliko Paris. Lakini imezungukwa na bahari, na maji ya Atlantiki yanayoijia yametoka kusini yakiwa na uvuguvugu. Bahari hiyo ni mlezi mwenye msimamo: wakati wa baridi hairuhusu nchi igande sana, na wakati wa joto hairuhusu ichemke. Katika Julai ya kawaida mchana hufika nyuzi 18 hadi 20 basi. Upepo mwingi hutoka kusini magharibi, na humo ndimo zinamosafiri mvua, moja nyuma ya nyingine, kama mabasi ya asubuhi. Kati ya mvua na mvua jua hutoka, linakaa saa moja, linaondoka. Ndiyo maana mtu wa huko hutoka nyumbani Julai na koti mkononi, na ndiyo maana haamini anga safi. Wanafunzi wanaomaliza sekondari hufanya mitihani yao ya taifa mwezi Juni, na kila familia itakuapia kwamba jua hungoja siku hiyo watoto wafungiwe vyumbani ndipo liwake.

Hali hubadilika pale mgandamizo mkubwa wa hewa unapokuja kukaa juu ya kisiwa, mara nyingi ukiwa umetanuka kutoka visiwa vya Azores. Mto wa upepo unaopita kasi juu angani, ule unaozisukuma mvua kuelekea Ulaya, hulazimika kuzungukia kaskazini. Chini ya mgandamizo ule hewa hushuka polepole, na hewa inaposhuka hubanwa, ikibanwa hupata joto, ikipata joto mawingu hayawezi kuota. Jua linabaki peke yake. Na jua la kaskazini wakati huo si la saa kumi na mbili kama letu. Roscommon katikati ya Julai linachomoza baada tu ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku.

Hapo ndipo hesabu ya siku inapopata uzito. Siku ya kwanza sehemu kubwa ya nguvu ya jua inatumika kukausha unyevu uliomo kwenye nyasi na udongo, na Ireland ina unyevu wa kutosha. Siku ya tatu unyevu wa juu umekwisha, kwa hiyo joto lililokuwa linafukiza maji sasa linapasha hewa. Usiku ni mfupi mno kurudisha baridi. Kila asubuhi inaanzia juu kidogo kuliko asubuhi iliyotangulia. Kwenye daftari langu la wiki ile nimeandika, kuanzia Jumamosi: 27, 28, 28, 29, 30. Kituo cha Mount Dillon, huko huko Roscommon, kilipima nyuzi 30.8 siku ile ya tano. Siku hiyo hiyo Castlederg, katika Ireland ya Kaskazini, ilifika 31.3, rekodi ya upande ule.

Upepo nao una neno lake. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba kaskazi na kusi ni wageni wawili tofauti wanaopita mlango mmoja. Ireland ikipata joto kali, mara nyingi upepo huwa umetoka mashariki au kusini mashariki, umebeba hewa kavu ya bara la Ulaya. Ukivuka Bahari ya Ireland hupoa kidogo, kwa hiyo watu wa ufukwe wa mashariki wanapata nafuu. Kisha unaanza safari juu ya nchi kavu, unapashwa moto kilomita baada ya kilomita, na unafika magharibi ukiwa mkali. Tarehe 28 Juni 2018 uwanja wa ndege wa Shannon, ambao kwa siku nyingi za mwaka hupokea mvua ya Atlantiki kabla ya wengine, ulipima nyuzi 32.0.

Namba hizi zote zinategemea kisanduku kimoja cheupe. Kina miguu, kuta zake ni za vibao vya mshazari vinavyopitisha upepo na kuzuia jua, na kinasimama juu ya majani yaliyofyekwa, ili kipimajoto kiwe mita moja na robo hivi kutoka ardhini. Mlango wake hutazama kaskazini, msomaji akiufungua jua lisiingie. Aliyekibuni ni mhandisi wa minara ya taa wa Scotland, Thomas Stevenson. Wasomaji wetu wanamjua zaidi mwanawe, Robert Louis, mwandishi wa hadithi ambayo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki walikuja kuisoma kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Mwana alipata umaarufu, lakini kisanduku cha baba ndicho kilichowezesha joto la mji mmoja kulinganishwa kwa haki na joto la mji mwingine.

Mzee jirani, mkulima aliyekuwa akiandika mvua na joto katika madaftari ya shule tangu ujanani, alinieleza hayo kwa vitendo. Alikuta kipimajoto changu nimekitundika kwenye ukuta wa matofali unaotazama kusini, kinasoma nyuzi 38. Akakitoa bila kuuliza, akakipeleka nyuma ya banda la kuni, upande wa kaskazini, akakifunga kwenye mti mbali na ukuta. Tukasimama pale kama robo saa. Kikashuka mpaka 29. "Kile kilikuwa kinapima ukuta wako," akasema. "Hiki kinapima hewa." Tangu siku hiyo nikiona picha ya kipimajoto cha gari kwenye simu ya mtu, imeandikwa nyuzi 40, najua nimeonyeshwa joto la lami na bati.

Jambo hilo dogo limeitikisa rekodi kubwa ya nchi. Kwa zaidi ya miaka mia moja, siku yenye joto kuliko zote Ireland ilihesabiwa kuwa tarehe 26 Juni 1887, pale kwenye ngome ya Kilkenny: nyuzi 33.3. Kila kitabu kiliinakili namba hiyo. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Maynooth walichapisha uchunguzi wao. Walivitazama vipimo vya vituo jirani vya siku ile, wakatazama hali ya hewa ya karne ya kumi na tisa ilivyojengwa upya kwa kompyuta, na wakahitimisha kwamba kipimo cha Kilkenny hakiaminiki. Majirani zake hawakukiunga mkono. Ukikiondoa hicho, nafasi ya kwanza inakwenda kwa bustani ya Phoenix Park, Dublin, iliyopima nyuzi 33.0 tarehe 18 Julai 2022.

Tofauti ni sehemu tatu tu za kumi ya nyuzi moja, na msomaji anaweza kusema ni ugomvi wa wenye nafasi. Sikubaliani naye. Rekodi ya 1887 ilikuwa silaha mikononi mwa kila anayesema kwamba joto la sasa si geni, mababu zetu walipata zaidi. Ikiwa siku yenye joto kuliko zote imehama kutoka zama za farasi na gari la kukokotwa ikaja mwaka 2022, basi historia ya nchi imebadilika sura. Na imebadilika kwa sababu watu wa Armagh wamepima joto tangu 1795, watu wa Valentia tangu miaka ya 1860, na watu wengine wasiojulikana walisoma vipimo vyao kila siku, iwe mvua au jua, wakaandika walichokiona. Mwanzoni mwa Juni 1944 binti wa posta ya Blacksod, pwani ya magharibi katika kaunti ya Mayo, Maureen Flavin, alisoma barometa na kuona mgandamizo unashuka. Kipimo chake kilifika kwa wapangaji wa mashambulizi ya Normandy ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na siku ya kuvuka bahari ikaahirishwa. Nchi yenye anga kigeugeu imejifunza thamani ya mtu mmoja anayesoma kipimo bila kukosa.

Sasa nirudi usiku wa siku ya tano, maana namba za kivulini hazisemi habari za ndani ya nyumba.

Nyumba za Ireland zimejengwa kumpinga adui mwingine. Dari limejazwa sufi ya kuzuia joto lisitoke, madirisha ni ya vioo viwili, mengi hufunguka upenyo wa juu tu, na mapaa ni ya vigae vyeusi. Feni ya darini haipo. Kiyoyozi utakikuta dukani na ofisini, kwenye nyumba za watu ni nadra sana. Chumba changu kilikuwa juu, chini ya paa. Saa tano usiku, giza lilikuwa bado halijakamilika, na kipimajoto cha mezani kilisoma nyuzi 30. Nje kulikuwa na 19. Joto la siku tano lilikuwa limeingia ukutani na halikuwa na pa kutokea. Nililala sakafuni nikiwa na khanga iliyolowekwa maji, kama tulivyofanyiwa utotoni tukiwa na homa, na nikamkumbuka shangazi. Nyumba yake ina madirisha ya nondo yanayopitisha matlai, baraza upande wa kivuli, na mwembe uani. Nyuzi 30 zikifika kwake zinakuta nyumba inayozijua.

Mwili nao unahitaji muda. Mtu huzoea joto kwa wiki moja au mbili: jasho linaanza mapema zaidi, chumvi inapungua ndani yake, moyo unapunguza kazi. Wimbi la Ireland kwa kawaida huisha kabla mazoea hayo hayajakamilika. Kwa hiyo siku ya tano inamkuta mzee amechoka kwa usiku nne mbovu, anakunywa maji kidogo kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuwa na sababu ya kunywa mengi, na kadigani yake iko begani kwa sababu ni mazoea. Wiki ile Met Éireann ilitoa tahadhari ya joto kali, nchi nzima kwa rangi ya njano na kaunti kadhaa kwa rangi ya chungwa. Mama mwenye nyumba yangu alikuwa na miaka 81. Tulimhamishia chumba cha chini upande wa kaskazini, tukafunga mapazia mchana na kufungua kila kitu usiku. Alibisha, akisema si vizuri kufungia nje jua alilolingoja miaka mitatu.

Kauli hiyo ndiyo hatari yenyewe. Jua likiwa zawadi, nani atalikimbia? Watu wenye ngozi nyepesi hulala uwanjani mchana kutwa mpaka wanababuka. Vijana wanarukia mito, maziwa na bahari ambayo hata katikati ya kiangazi huwa kwenye nyuzi 14 hadi 17 tu. Maji ya baridi kiasi hicho humkata mtu pumzi ghafla, anavuta maji badala ya hewa, na hata muogeleaji mzuri anaweza kuzama katika dakika za mwanzo. Kila wimbi kubwa la joto huko huja na misiba ya maji, na mingi humkuta mtu aliyekuwa akifurahia.

Mashambani furaha inadumu kidogo zaidi, halafu inakatika. Mkulima anahitaji siku chache kavu akate majani, ayageuze, ayafunge hei. Na wanaokata udongo mweusi wa vinamasini, ule unaokaushwa vipande vipande na kuchomwa kama kuni, nao wanaliombea jua. Mwaka 2018 jua lilizidi maombi. Ireland ina ng'ombe wengi kuliko watu, na ng'ombe hao wanaishi kwa nyasi. Nyasi zikaacha kuota. Nchi inayoimbwa kwa ukijani ikageuka rangi ya simba. Wafugaji walilisha Julai akiba ya Januari, malisho yakaagizwa kutoka nje, na matumizi ya mipira ya kumwagilia bustani na kuoshea magari yakapigwa marufuku, Dublin kwanza kisha nchi nzima.

Ukame huo huo ulifichua kitu. Karibu na Newgrange, kaburi la mawe lenye umri mkubwa kuliko piramidi za Giza, mwandishi Anthony Murphy alirusha droni jioni moja ya Julai. Kwenye shamba lililokauka akaona duara kubwa la kijani, limechorwa kwa nukta na mistari iliyopangwa sawasawa. Ilikuwa alama ya jengo la miaka kama 4,500 au zaidi ambalo hakuna aliyejua lipo. Mashimo ya nguzo na mitaro yake yalijaa udongo tofauti zamani, na udongo huo hushika maji kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mimea iliyoota juu yake ilibaki kijani wakati jirani zake wamenyauka. Mvua iliporudi duara likapotea. Ardhi ilikuwa imeweka kumbukumbu yake kwa njia ya unyevu, na ilihitaji kiu ya wiki nyingi ili isomeke.

Ikiwa bado unadhani Ireland imekwisha kuwa nchi ya joto, chukua mwaka 2023. Juni yake ilivunja rekodi, kwa mara ya kwanza wastani wa mwezi huo ukapita nyuzi 16. Julai iliyofuata ikawa Julai yenye mvua nyingi kuliko Julai zote zilizowahi kupimwa. Miezi miwili inayofuatana, rekodi mbili zinazopingana. Mwaka ulipofungwa, ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote ya nyuma. Ukigeugeu haujaondoka; umepandishwa ngazi nzima, na mvua yake imepanda nao, maana hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi.

Wimbi letu la 2021 liliisha kama yanavyoisha mengi. Mshale wa barometa ulianza kuteremka, wingu jepesi likaja kutoka magharibi, na wiki iliyofuata manyunyu ya Atlantiki yalikuwa yamerudi. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni na chai yake akayatazama yakilowesha nguo alizosahau kuanua. Daftari langu la siku hiyo lina namba 18.

Tangu hapo nimeendelea kuandika. Kiangazi cha 2025 ndicho chenye joto kuliko vyote katika kumbukumbu za Ireland, kikikipita kidogo kile cha 1995, na sehemu kubwa ya joto hilo ilitoka kwenye usiku usiopoa. Wastani wake, mchana na usiku pamoja, ulikuwa nyuzi 16.19. Kwa masikio ya Tanga hiyo ni baridi ya Lushoto, najua. Lakini ikiwa una ndugu huko, akakupigia simu Julai akasema leo joto, nyuzi ishirini na nane, usianze kwa kucheka. Muulize kwanza ni siku ya ngapi.